Usimtumie Tabasamu

Guangzhou, China, Desemba

Shoga yangu wa moyoni,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kibaridi tu ndicho kimeanza kuingia. Nimefurahi mno kusikia umepata mtaji na sasa utaagiza mabegi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu wa Kariakoo. Umesema muuzaji ni binti mdogo na mnaandikiana kwa WeChat, ile WhatsApp ya Wachina. Basi kabla hujamuuliza bei, nisikilize: usimtumie tabasamu.

Nasema kile kiuso cha njano cha kwanza kabisa, chenye mdomo uliopinda kidogo. Sisi tunakituma kama shukrani. Kwa vijana wa huku ni dharau. Wanasema mdomo unacheka, macho hayamo. Nilipohamia hapa, binti ninayekaa naye aliniomba radhi kwa kuchelewesha pesa ya umeme, nikamjibu kwa kiuso hicho, bila neno. Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu akaniuliza, machozi yakimlengalenga, amenikosea nini kikubwa hivyo. Niliumia, maana nilikuwa nimemsamehe kwa moyo mmoja.

Na ule mkono wa kupunga kwaheri uache pia. Mara nyingi maana yake ni "mimi na wewe basi".

Sasa sikia. Mama wa binti huyu ninayekaa naye yuko mkoa wa Hunan, na kila asubuhi humtumia mwanawe kiuso hichohicho cha tabasamu pamoja na ua la waridi. Stika zake ni za maua na maandishi makubwa ya rangi kali. Vijana wanaziita stika za wazee. Nikamuuliza, mbona kwa mama hukasiriki? Akasema, "Kwa mama ni mapenzi." Nikakumbuka kanga zetu. Jina lilelile, ukipewa na mama yako ni dua. Akijifunga jirani akapita mlangoni kwako mara tatu, unajua kuna jambo.

Wapo wanaosema vijana hawa ni wavivu wa kuandika. Sikubali. Neno tupu kwao lina baridi. Ukijibu "en", yaani ndiyo, mara moja, umekuwa mkavu; "en en" ndio upole. Picha inabeba sauti ambayo simu imeinyima sentensi, ndiyo maana wanazichagua kwa makini. Tena wana mafungu kwa mafungu, wanayaita biaoqing bao. Kuna hata mchezo wa kupigana kwa picha, doutu: mmoja anatuma panda mwenye uso wa mtu, mwenzake anajibu kwa kali zaidi, hivyo hivyo mpaka mmoja aishiwe. Uso wa Yao Ming, yule mcheza kikapu, uliochorwa akicheka, nimekutana nao zaidi ya mara moja.

Ninachokipenda mimi ni kichwa cha mbwa. Kikiwekwa mwisho wa maneno, mtu anatania, usimshike ulimi. Muuzaji wako akiandika "kwa bei hiyo chukua na duka lenyewe", kisha mbwa, cheka naye mwendelee kupatana. Mbwa asipokuwepo, ongeza kidogo.

Namba nazo zina maneno yake. 886 ni kwaheri, kwa jinsi inavyosikika ikitamkwa Kichina. 520 inakaribia sauti ya "nakupenda", ndiyo maana tarehe 20 Mei wachumba wengi huichagua kwenda kuandikisha ndoa. Hiyo usimtumie muuzaji.

Akikuonyesha mzigo, mshukuru kwa maneno, kisha weka ua au kiuso kinachocheka meno nje. Ukikwama, nipigie hata usiku, tusome pamoja.

Na nitumie picha ya mwanao akiwa amenuna, ile aliyopigwa siku ya Idi. Binti huyu amenifundisha kutengeneza stika, na nataka ya kwanza iwe yake.

Wako akupendaye,
Shoga yako