Mjomba, David Tua hapimwi kwa usiku mmoja

Mjomba wangu, shikamoo.

Ulisema David Tua alikuwa bondia wa kawaida aliyebebwa na konde moja, na kwamba Lennox Lewis, bingwa wa dunia wa uzito wa juu wakati huo, alimaliza ubishi. Sikukujibu pale, watu walikuwa wengi na wewe ni mkubwa wangu. Nakujibu hapa, tena hadharani, kwa sababu wengi wanamkumbuka kama unavyomkumbuka wewe: nywele zimesimama wima, mwili mfupi mnene, na raundi kumi na mbili za kumfuata Mwingereza asimpate.

Usiku ule siubishii. Ilikuwa tarehe 11 Novemba 2000, Mandalay Bay, Las Vegas. Lewis ana urefu wa sentimita 196, Tua hafiki 180. Kila Tua alipotaka kuingia alikuta jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, imeshafika usoni. Majaji waliandika 119 kwa 109, 118 kwa 110, na 117 kwa 111, na hakuna aliyeonewa. Tua alipanda na kilo 111, nyingi mno kwa kimo chake, akawa anaingia kwa mstari ulionyooka huku kichwa hakichezi. Kwa mtu mfupi anayepigana na mrefu, hilo ni kosa kubwa, na mimi humlaumu nalo mpaka leo.

Ila mjomba, hebu tazama waliopita mikononi mwake.

Machi 1996, Atlantic City, alikutana na John Ruiz. Sekunde 19 zilitosha. Mwaka 2001 Ruiz huyo huyo alimpiga Evander Holyfield akawa bingwa wa dunia wa WBA, moja ya vyama vinavyotoa mikanda ya dunia. Mwaka 1997 Tua alimmaliza Oleg Maskaev raundi ya 11. Maskaev akaja kuwa bingwa wa WBC, chama kingine cha aina hiyo, mwaka 2006. Desemba 1998 ikawa zamu ya Hasim Rahman, na hapa haki isemwe: Rahman alikuwa anaongoza kwa pointi, na konde lililomvuruga lilitua baada ya kengele ya raundi ya tisa. Mwamuzi alisimamisha pambano raundi ya kumi. Rahman aliona amedhulumiwa, nami namwelewa. Waliporudiana mwaka 2003 wakatoka sare. Lakini Aprili 2001, miezi mitano tu baada ya Lewis kumtawala Tua, ni Rahman huyo aliyemlaza Lewis kule Afrika Kusini kwa ngumi moja ya kulia, akamvua ubingwa.

Watu watatu, mjomba. Wote walipigwa na Tua, na wote baadaye wakavaa mikanda ambayo yeye hakuivaa kamwe. Sijamhesabu Michael Moorer, ambaye alishakuwa bingwa wa dunia kabla Tua hajamwangusha kwa sekunde 30 mwaka 2002.

Huyu ni mtoto wa kijiji cha Faleatiu, kisiwa cha Upolu, aliyezaliwa mwaka 1972, miaka kumi baada ya Samoa kujitawala kutoka New Zealand. Familia yake ilihamia kusini mwa Auckland, mitaa iliyojaa Wasamoa na Watonga waliofuata kazi za viwandani. Akiwa bado kwenye ngumi za ridhaa alipata shaba ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, baada ya kupoteza nusu fainali kwa David Izon wa Nigeria. Miaka minne baadaye wakakutana tena, safari hii ngumi za kulipwa. Pambano lilikwenda mpaka raundi ya 12, na hapo Tua akammaliza. Bondia wa konde moja la mwanzo hafiki huko akiwa bado na nguvu za kumaliza kazi.

Sasa nije kwenye pambano ninalolipenda kuliko yote. Tarehe 7 Juni 1997, Sacramento, California, Tua dhidi ya Ike Ibeabuchi, Mnigeria mwingine. Wote wawili walikuwa hawajawahi kupigwa. Walisimama katikati ya ulingo, paji la uso kwa paji la uso, wakatupiana ngumi raundi zote kumi na mbili. Waliohesabu walipata 1,730 kwa jumla: Ibeabuchi 975, Tua 755. Ikawa rekodi ya uzito wa juu, uzito ambao mabondia wengi huanza kukumbatiana kufika raundi ya sita. Hakuna aliyeanguka. Majaji walimpa Ibeabuchi, na nakubali, japo kwa tofauti ndogo. Mimi nikitaka kujua moyo wa mtu huutafuta kwenye pambano kama hili, alipokutana na asiyerudi nyuma hata hatua moja, naye hakurudi.

Yaliyofuata baada ya mwaka 2003 yananiumiza. Akiwa na miaka thelathini tu, umri wa bondia wa uzito wa juu kukomaa, Tua alikaa nje ya ulingo karibu miaka miwili, huku akivutana mahakamani kuhusu fedha na mali na watu waliokuwa wakimsimamia. Aliporudi, kasi ilikuwa imepungua. Bado mwaka 2009 kule Hamilton, New Zealand, alimmaliza Shane Cameron, bondia wa huko huko New Zealand, raundi ya pili, na nchi nzima ilisimama kutazama. Alistaafu mwaka 2013 baada ya kupoteza kwa Alexander Ustinov.

Mapambano 59. Ameshinda 52, 43 kati ya hayo kwa nokauti. Sare mbili. Amepoteza matano, yote kwa pointi. Kwa miaka ishirini na moja ya kulipwa, katika uzito ambao ngumi moja humlaza yeyote, hakuna aliyeweza kumsimamisha. Mara ya kwanza kuangushwa chini ilikuwa mwaka 2010, mbele ya Monte Barrett, akiwa na miaka 37, na akainuka.

Mwaka 2016 Joseph Parker, mzaliwa wa Auckland mwenye wazazi wa Kisamoa, alitwaa mkanda wa dunia wa WBO. Kocha wake alikuwa Kevin Barry, yule yule aliyemlea Tua tangu mwanzo wa ngumi za kulipwa.

Tazama pambano la Sacramento lote, mjomba, usiruke hata raundi moja, halafu nipigie. Msalimie shangazi na wote hapo nyumbani.

Mpwa wako