Ukifika İstiklal, usinunue kitu

Mwanangu,

Tiketi nimeiona. Umefanya vizuri kujiachia siku moja ya mapumziko Istanbul kabla hujaanza kuhangaika na mzigo. Baba yako anataka siku hiyo ulale, maana ndege ya usiku inachosha. Mimi naomba uende İstiklal, ule mtaa mkubwa wa maduka, na ukiwa huko usinunue chochote zaidi ya maji na chakula. Hela ya mzigo ibaki kwenye sefu ya hoteli.

Najua utacheka: mama wa Kariakoo anamkataza mtu kununua! Lakini pale ni rejareja tupu, na bei zake si zetu. Sisi wa jumla tunaenda kuwasoma wateja. Ukiingia Laleli, kwenye maduka ya jumla tunakochukulia mzigo, bila kupita kule kwanza, kila muuzaji atakwambia gauni lake ndilo linalotoka sana mwaka huu, na wewe huna pa kuhakikisha.

Panda tramu ya T1 pale Laleli, ushuke Karaköy. Kadi ya nauli, Istanbulkart, unainunua kwenye mashine za kituoni. Ukitoka hapo ulizia Tünel. Ni kigari cha chini ya ardhi kinachopanda mlima, vituo viwili tu, na safari haifiki dakika mbili. Kilianza mwaka 1875. Kwa reli za chini ya ardhi za mjini, London peke yake ndiyo iliyokitangulia. Kinakutoa juu kabisa, mwanzo wa İstiklal. Wageni wengi huanzia Taksim, mwisho wa pili wa mtaa, wakishuka. Wewe anzia Tünel, nitakueleza sababu.

Mtaa wenyewe ni kama kilomita moja na nusu hivi. Magari waliyazuia mwaka 1990, wakarudisha tramu nyekundu ya zamani inayopita katikati ikigonga kengele, watu wanaipisha halafu wanaziba njia tena nyuma yake. Kwetu Mtaa wa Kongo hakuna aliyepiga marufuku gari, gari lenyewe linashindwa kupita.

Sasa, kazi yako ni madirisha ya maduka. Tazama midoli imevalishwa nini. Rangi ukiikuta kwenye dirisha la tatu au la nne, iandike. Wanaingia msimu wa baridi, kwa hiyo utaona makoti mengi mazuri ya kukutoa macho. Yaache. Dar hakuna wa kuyavaa, labda uchukue sweta nyepesi kidogo kwa wale wateja wetu wa Mbeya. Angalia mikato: mikono imepanuliwa au imebana, shingo imekaaje, vifungo ni vya kitambaa au vya chuma, mkanda unafungwa kiunoni au juu yake. Hayo ndiyo yanayohama kutoka koti kwenda kwenye gauni la Idd.

Halafu geuka uwatazame wanawake wanaopita, hasa wasichana wa pale wanaotoka kazini jioni. Dirisha linaonyesha anachotaka kuuza mwenye duka, lakini aliyevaa ameshalipa.

Bei nazo ziandike. Zimebandikwa kwa lira, na Laleli watakutajia kwa dola, kwa hiyo uwe na kiwango cha siku hiyo kwenye simu. Ukitajiwa bei ya jumla inayokaribia ya dirishani, aga kwa adabu uende.

Ukisikia njaa, pembeni kuna vigari vya mahindi ya kuchoma na simit, ile mikate ya duara yenye ufuta. Wauza aiskrimu watakuchezea, wanakupa koni na kuinyang'anya, mradi watu wacheke. Sala ya adhuhuri utaipata Ağa Camii, iko mtaani hapohapo. Utapita pia kanisa kubwa la matofali mekundu, Sent Antuan, na mageti ya konsulati za Ulaya, kwa sababu zamani huu ulikuwa upande wa mabalozi na wafanyabiashara wa kigeni.

Mng'arisha viatu akipita mbele yako akaangusha brashi, usiiokote. Si bahati mbaya. Ukimrudishia atakushukuru mno, atang'ang'ania kukung'arishia kiatu kwa shukrani, na mwishoni ataanza habari za mtoto mgonjwa na kudai hela. Hata kama umevaa raba! Na kijana mchangamfu anayekuuliza unatoka nchi gani kisha anakualika kinywaji, mwambie una mume anakusubiri.

Polisi utawakuta wengi. Novemba 2022 bomu lililipuka mtaani hapo likaua watu sita. Wanaweza kukuomba pasipoti, kwa hiyo hiyo usiiache hotelini pamoja na hela. Iweke kwenye mkoba wa mbele, zipu ikutazame wewe.

Ukifika mwisho utatokea uwanja wa Taksim, na ndiyo maana nimekuanzisha Tünel. Metro ya M2, treni ya chini ya ardhi, iko chini yake, na kituo kinachofuata ni Osmanbey. Huko kuna maduka ya jumla ya nguo nzuri kuliko za Laleli, na ghali zaidi pia. Bado usinunue. Ingia ukiwa na ile orodha yako ya rangi na mikato, uone nani anayo. Wanauza kwa seri, saizi zote pamoja, hawakukatii pisi moja. Uliza seri inaanzia namba ngapi, maana ikianzia 36, saizi ndogo, nusu ya mzigo itakukalia dukani. Wateja wetu unawajua.

Picha za madirisha nitumie usiku huohuo, hata nikiwa nimelala. Asubuhi nitakupigia tupange cha kuchukua, ndipo uende Laleli. Na usilipe kilo za mzigo kwa wakala wa kusafirisha kabla hujaona mzani mwenyewe.

Mama yako