Sindano iliyochelewa saa mbili na nusu

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita mpwa wangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya huku kwetu. Asubuhi nilipofika wodini nilimkuta mumewe anahema, ametoka duka la dawa ng'ambo ya barabara na mfuko wa vichupa kumi vya seftriaksoni pamoja na chupa za metronidazoli, zote antibaotiki, yaani dawa za kuua vijidudu. Dozi ya siku tano, eti kinga ya mshono.

Nimefanya kazi thieta, chumba cha upasuaji, miaka 22 kabla ya kustaafu, na macho hayastaafu. Muuguzi wa zamu, niliyemfundisha mwenyewe, alinifungulia faili. Kisu kilianza saa 2:10 usiku. Sindano ya kwanza ya antibaotiki imeandikwa saa 4:40, mama amekwisha kushonwa na kurudishwa wodini.

Dawa ya kinga hutakiwa iwe imeshaenea kwenye damu na nyama wakati ngozi inapokatwa, kwa sababu ndipo vijidudu vinapopata mlango. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka itolewe ndani ya saa mbili kabla ya kukata, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwisha. Kwa mama wa upasuaji, dozi moja kabla ya kisu. (Zamani tulisubiri mtoto atoke na kitovu chake kibanwe kwanza, hilo limeachwa.) Operesheni ikirefuka sana au damu ikimwagika nyingi, dozi hurudiwa humo humo mezani. Kidoletumbo kilichopasuka ni habari nyingine: hapo unatibu, hukingi.

Wala hili si jambo la Ulaya. Hapa hapa hospitali ya Bugando, Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia akina mama 500. Waliopata dozi moja ya gentamisini na metronidazoli kabla ya upasuaji, mshono ulioza kwa asilimia 4.8, waliorudiwa dozi, asilimia 6.4. Tofauti hiyo ni ndogo, siwezi kuitambia, ila inaonyesha kwamba zile dozi za nyongeza hazikuongeza kinga.

Najua hofu ya madaktari. Wodi imejaa, maji yanakatika, mgonjwa akirudi na usaha lawama ni zake. Lakini seftriaksoni hainawi mikono ya mtu, na kila kichupa cha bure kinawazoesha vijidudu dawa tunayoitegemea kwa wagonjwa mahututi.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Ile orodha ya usalama wa upasuaji iliyobandikwa ukutani ina swali la antibaotiki. Lisomwe kwa sauti kabla ya kisu, na mtu wa nusukaputi ajibu kwa kutaja saa, si "tayari" tu.

Mpwa wangu aliruhusiwa siku ya tatu, mkono wenye kanula, kile kimrija cha kupitishia sindano, umevimba kuliko mshono. Vichupa vinne vilivyobaki mumewe kaviweka kabatini. Anasema vitafaa mtu akiugua.

Muuguzi mstaafu,
Kanda ya Ziwa