Barua ya wazi kwa vijana wetu wa vyuo vya Marekani: zihesabuni saa zenu

Wanangu na wajukuu zangu,

Marahaba kwa shikamoo zenu. Nawaandikia ninyi mliozaliwa Nyarugusu, Kakuma au Uvira na leo mnasoma Louisville, Dallas, Des Moines au San Diego. Wazazi wenu wanapanga maboksi ghalani usiku. Barua ya msaada wa kifedha kutoka chuoni ilisomwa mezani na wewe mwenyewe, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mwingine anayekielewa Kiingereza cha ofisi.

Katika barua ile kuna mstari mmoja ambao wengi huusoma vibaya. Umeandikwa Federal Work-Study, na mbele yake kuna kiasi, tuseme dola 2,400. Huyu huuruka akidhani ni mkopo. Yule huujumlisha na ruzuku ya Pell, ile fedha ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo isiyorudishwa, akaamini ada imeshapungua kwa kiasi hicho, kisha bili ya chuo inafika na jasho linamtoka. Zile dola 2,400 ni kikomo cha mshahara. Serikali kuu, kwa mpango ulioanza na sheria ya mwaka 1964 wakati wa Rais Lyndon Johnson, inasaidia kukulipa hadi hapo ukifanya kazi. Usipofanya kazi hata saa moja, hupati hata senti moja. Malipo huingia mkononi mwako walau mara moja kwa mwezi, na hayakatwi kulipia ada mpaka wewe mwenyewe uidhinishe.

Na kuna jambo ambalo halimo kwenye barua hiyo. Kila chuo kinatakiwa kutumia walau asilimia 7 ya fedha zake za mpango huu kuwalipa wanafunzi wanaotumikia jamii, na kuwa na walau mradi mmoja wa kuwafundisha watoto kusoma au wa elimu ya kusoma kwa familia. Kwa hiyo nafasi hizo zipo chuoni kwako hata kama tangazo lake limebandikwa ubao ambao hakuna anayeutazama. Wengi wenu hukimbilia dawati la maktaba. Siwalaumu, dawati lina kiyoyozi na unaweza kufanya homuweki. Lakini shule ya msingi yenye watoto 30 waliofika juzi kutoka Kigoma haihitaji mtu wa dawati. Nenda ofisi ya misaada ya kifedha na uulize kwa maneno haya: nafasi za kazi za kijamii za Work-Study zinaratibiwa na nani? Mara nyingi ni ofisi nyingine kabisa, ile ya ushirikiano na jamii.

Kabla hujakubali nafasi yoyote, chukua kalamu. Dola 2,400 ukilipwa dola 16 kwa saa ni saa 150. Mwaka wa masomo una takriban wiki 30, kwa hiyo ni saa 5 kwa wiki. Anayejifanya shujaa akapiga saa 12 kila wiki tangu Septemba atamaliza fungu lake kabla ya Krismasi, na Januari ataambiwa asirudi kazini. Naye anayengoja mpaka Novemba ili kwanza azoee masomo atabaki na saa asizoweza kuzimaliza, na kwa kawaida hazivushwi mwaka unaofuata. Jueni pia kwamba malipo ya kwanza huchelewa: makaratasi, kisha wiki mbili za kazi, kisha siku ya mshahara. Vitabu vinadaiwa Agosti. Pangeni mwezi mzima bila fedha hizo.

Zipo pia nafasi zinazolipa posho badala ya mshahara wa saa, na masharti yake ni mengine. Mpango wa Bonner ulianza mwaka 1990 Berea College, Kentucky, na sasa uko katika vyuo kadhaa. Mwanafunzi mwenye uhitaji hutumikia jamii takriban saa 10 kwa wiki wakati wa masomo, na wale wa Bonner Scholars huongeza saa 280 katika likizo za kiangazi. Huko huombwa mapema, mara nyingi pamoja na maombi ya kuingia chuo. Ukishafika mwaka wa pili, mlango umebaki mwembamba.

California ina College Corps, mpango wa jimbo wa wanafunzi wanaotumikia jamii, ulioanza mwaka 2022: saa 450 kwa mwaka wa masomo, dola 7,000 za posho kwa mafungu, na dola 3,000 za tuzo ya elimu, yaani fedha za kulipia masomo, mwishoni. Hesabu ya karatasini ni saa 15 kwa wiki kwa wiki 30. Toa wiki mbili za mitihani na moja ya mafua, zinabaki 27, na saa zinakaribia 17 kwa wiki. Hapo ndipo watu huangukia. Zile dola 3,000 zimefungwa kwenye kumaliza, na mwenye saa 430 mwezi Mei hatahurumiwa kwa kuwa alikaribia. Wekeni akiba ya saa mapema: fikisheni nusu kabla ya likizo ya Desemba, hata kama ratiba ya mpango inasema mna muda.

Sasa hati. Work-Study inawapokea raia, wenye makazi ya kudumu, na wakimbizi na waliopewa hifadhi wenye hati zao. AmeriCorps, mpango wa serikali kuu wa kutumikia jamii ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993 na ambao tuzo yake ya elimu huambatanishwa na nafasi nyingi za namna hii, inataka uwe raia au uwe na grini kadi mkononi. Mkimbizi ambaye bado anasubiri grini kadi anaweza kufaa huku na kukataliwa kule, siku ileile, chuo kilekile. Ukikataliwa kwa moja usikate tamaa na nyingine. Nanyi mliotoka Dar es Salaam au Nairobi kwa viza ya mwanafunzi, F-1: Work-Study si yenu, na posho ya kazi ya nje ya chuo bila kibali inaweza kuivunja viza. Msimamizi wa wanafunzi wa kigeni ndiye wa kuulizwa kwanza. Yule rafiki aliyekwambia "hakuna shida" hatakuwepo siku ya kuhojiwa.

Siku ya kujaza fomu ya ajira, I-9, beba hati halisi. Picha iliyo kwenye simu haikubaliki. Kitambulisho cha jimbo pamoja na kadi ya Social Security isiyo na maandishi ya masharti vinatosha. Kinachowakwamisha watu wetu zaidi ni majina. Kambini uliandikwa majina matatu, kwenye I-94, ile hati ya kuingilia nchini, yakageuzwa, shuleni likaachwa moja, na tarehe ya kuzaliwa ikawa Januari 1 kama ya nusu ya mtaa. Kwenye kazi za watoto rekodi zako hukaguliwa, mara nyingi kwa alama za vidole, na jina lisilolingana huweza kuusimamisha ukaguzi kwa wiki nzima na zaidi. Chagua maandishi ya kadi ya Social Security, yatumie hivyohivyo kila mahali, na kasoro irekebisheni kiangazi, kabla ya muhula.

Mkishaanza, kazi yenu ya pili ni karatasi ya saa. Ijaze siku ileile. Muda wa kuingia, muda wa kutoka, muda wa chakula umetolewa, na ulichofanya. "Nilisaidia watoto" haitoshi; andika kwamba ulisoma na watoto wanne wa darasa la pili kwa dakika 40, kisha ukapanga vitabu vya kesho. Usisaini saa ambazo hujazifanya, hata msimamizi akisema ajaze wiki nzima kwa mkupuo ili apumzike. Jina lililo chini ni lako. Usiandike saa zinazogongana na ratiba ya darasa lako, maana mkaguzi huziweka karatasi hizo mbili pamoja. Safari ya basi kwenda na kurudi kwa kawaida haihesabiwi, kwa hiyo kituo cha kazi kilicho umbali wa basi mbili kinakula muda usiolipwa. Na niwakumbushe, mtacheka: saa tisa alasiri ni 3:00. Wapo walioandika 9:00 kwa sababu mama alisema "nitakufuata saa tisa", na malipo yakarudishwa.

Kuna kazi mtakazoombwa ambazo hazihesabiki. Kufundisha madrasa au shule ya Jumapili ni heri, lakini si kwa saa za fedha hizi. Vivyo hivyo kusafisha ukumbi wa ibada na kugawa vipeperushi vya mgombea. Kazi ya kanisa fanyeni Jumapili kwa moyo, nje ya karatasi. Tahadhari nyingine ni ukalimani. Mtu akisikia unajua Kiswahili na Kibembe atakupeleka kliniki ukamweleze bibi juu ya dawa za presha. Kumwelekeza mzazi chumba cha mkutano wa walimu, sawa. Maneno ya daktari na ya mahakama yanataka mkalimani aliyefunzwa, na hospitali inajua wajibu wake wa kumleta. Kataa kwa adabu, kisha mwambie msimamizi wako.

Usisahau chakula. Mwanafunzi anayesoma nusu ya muda au zaidi kwa kawaida hapewi SNAP, msaada wa serikali wa chakula mnaouita fudistempu, mpaka awe na sababu inayotambuliwa. Kufanya kazi ya Work-Study wakati wa muhula ni mojawapo ya sababu hizo, hata kwa saa 5 tu kwa wiki, ilimradi masharti mengine, ya kipato na ya hati, yatimie. Beba barua ya chuo unapokwenda kuomba, kwa sababu karani mwingine halijui sharti hili na atakujibu "wanafunzi hawaruhusiwi" bila kuinua macho.

Kabla ya kusaini posho yoyote, uliza pia: fedha hii itapunguza nini kwenye msaada wangu? Ikipunguza mkopo, umefaidika. Ikipunguza ruzuku, umefanya kazi ili ubaki palepale. Uliza kodi inakatwaje, maana tuzo ya elimu ya AmeriCorps huhesabiwa kuwa kipato mwaka unaoitumia. Na uliza fedha zinatoka kwa nani. Aprili 2025 serikali kuu ilikata ruzuku za AmeriCorps za karibu dola milioni 400 katikati ya mwaka, na waliokuwa kazini wakasimamishwa kabla ya kumaliza saa zao. Mwenye mpango mzuri atakujibu bila kukasirika.

Nawageukia wenyeviti wa jumuiya zetu, kwa sababu vijana hawawezi kulifanya hili peke yao. Jumuiya iliyosajiliwa kama shirika lisilo la faida inaweza kuwa kituo cha Work-Study. Chuo huingia nanyi mkataba, mshahara wa mwanafunzi hulipwa sehemu kubwa na serikali kuu, na kwa wanaowafundisha watoto wadogo kusoma au hesabu sehemu hiyo inaweza kufika asilimia 100. Chuo kitawauliza mambo machache: hati ya usajili, msimamizi mwenye jina na simu inayopokelewa, chumba, ratiba, na maelezo ya kazi ya ukurasa mmoja. Mengi hukwama kwa msimamizi. Jumuiya humtaja mwenyekiti, naye anaendesha lori na hurudi Ijumaa. Mtajeni anayekuwepo saa ambazo watoto wanakuwepo, hata kama ni mama wa jikoni, ilimradi ataisaini karatasi. Pigeni simu chuoni Machi au Aprili. Saa atakazofanya kijana kabla mkataba haujasainiwa hazitalipwa, na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa kifedha wa masomo, ya mwaka unaofuata kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1, kwa hiyo jioni hiyo ukumbi uwe wazi na intaneti iwe inafanya kazi.

Ni mimi mzee wenu.