Njia ya Birere: tunapima Jumamosi

Ndugu na dada, jambo kwenu. Jumamosi saa 1 asubuhi tunapima ile njia yetu ya makoro (mawe ya lava), mtaani Birere, Goma, kabla ya kupeleka ombi la kuitengeneza komine (ofisi ya serikali ya eneo). Lava ya volkano Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita mtaani humu na mawe yake bado yanakata: juzi mama mwenye beseni la sambaza alijikwaa, kandambili ikakatika, samaki wote chini.

Ninawaomba sana tuitetee nafasi ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Tupime chukudu ikiwa na magunia ya makala (makaa), si tupu. Iliyojaa haikati kona upesi, na kwenye mteremko breki ni kipande cha mpira tu, kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma.

Mwenye kamba ndefu ailete. Wazee wa avenyu watakuja.