Nimwambie mdogo wangu siri ya Mama kuhusu Las Vegas?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 40, mzaliwa wa Tanga, niko California tangu nikiwa na miaka sita. Nimeolewa na nina watoto wawili. Jambo hili nimelibeba miaka kumi na tisa, hata mume wangu halijui lote. Naomba univumilie nianze mbali, maana bila safari zetu za utotoni hutaona kwa nini nimekwama.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu wa kiume mitano. Tulikuwa tunakaa San Bernardino, Baba akiendesha lori, Mama akifanya kazi ya kulea wazee. Wakati ule Las Vegas, mji wa kamari kule jimbo la Nevada, ilikuwa inawaita watu wenye watoto. Hoteli ya Mirage na volkano yake ya kutengenezwa ilishafunguliwa tangu 1989, Excalibur yenye minara ya rangi ikafuata 1990, na mwisho wa 1993 zikafunguliwa Treasure Island, Luxor na MGM Grand ndani ya miezi mitatu tu. Watu wa kipato chetu tulikwenda kwa sababu vyumba vilikuwa rahisi na mengi ya kutazama yalikuwa bure, unasimama tu kando ya barabara.

Tuliondoka Ijumaa jioni Baba alipotoka kazini. Mama alikuwa amefunga chapati kwenye kanga, na chupa ya chai ameibana miguuni ili isimwagike. Barabara kuu namba 15 inapanda mlima pale Cajon, halafu inashuka jangwani, giza pande zote. Pale Baker kuna kipimajoto kirefu kama mnara, futi 134, kwa ukumbusho wa nyuzijoto 134 za Farenhaiti zilizopimwa Death Valley, bonde la jangwani, mwaka 1913. Baba alipunguza mwendo tukisome. Kisha akatuambia: "Atakayeuona mwanga wa Luxor wa kwanza, robo dola yake." Hoteli ile ni piramidi, na kileleni hutoka mwanga mmoja ulionyooka hadi juu. Tulikodoa macho mpaka yakauma. Mdogo wangu aliuona kwanza, akapiga kelele, Baba akampa robo dola palepale huku anaendesha. Kila safari ikawa hivyo. Tulikwenda mara nne au tano kati ya mwaka ule na 1995.

Shangazi, nisikudanganye, nilikuwa na furaha. Tuliona meli mbili za Treasure Island zikipigana kwa mizinga na moja ikizama na nahodha wake. Tuliona volkano ikitema moto, joto lake likatufikia usoni. Baba alimbeba mdogo wangu mabegani. Nikifumba macho leo naisikia sauti yake akicheka.

Halafu tulirudi hotelini, Baba akasema, "Naenda kuangalia gari." Sisi tukabaki na Mama ghorofa ya juu kwenye michezo ya watoto. Sheria ya Nevada haimruhusu aliye chini ya miaka 21 kusimama kwenye ukumbi wa kamari, anapita tu akiwa na mtu mzima. Kwa hiyo Mama alitushika mikono, akapita nasi njia ya katikati, akipepesa macho huku na huku kwenye mashine. Mlinzi alipotuangalia, tuliendelea kutembea. Tulizunguka hivyo mara tatu, nne. Nilidhani tunatazama taa. Baba alirudi usiku sana, vidole vyake vyeusi na vinanuka chuma. Nikaamini kweli alikuwa anatengeneza gari.

Niliporudi tena nilikuwa na miaka 21, mwaka 2006, na wenzangu wa chuo. Mashine nyingi zilikuwa zimeacha sarafu, zinatoa karatasi. Lakini tuliingia hoteli moja kuukuu mtaa wa Fremont, ambako mashine za sarafu zilikuwa bado zipo. Alikuwepo bibi mmoja ameketi na kikopo cha plastiki mapajani, anachota, anatumbukiza, anachota. Alipoinua mkono kupangusa jasho nikaona vidole vyake. Vyeusi. Nikanusa vyangu, maana nami nilikuwa nimecheza dola kumi. Harufu ni ileile. Nikatoka nje nikakaa chini, wenzangu wakadhani nimelewa, na mimi pombe sinywi.

Nilimwuliza Mama tukiwa peke yetu jikoni. Alizima jiko kwanza. Kisha akanieleza kwamba mwaka 1995 yeye alikuwa kijumbe wa upatu wa akina mama 12, wengi wao wa kwetu Pwani, dola 200 kila mmoja kwa mwezi. Dola 2,400 zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na zamu ilikuwa ya mama mmoja aliyetaka kumpeleka mzazi wake hospitali Mombasa. Baba alizichukua Ijumaa, akasema kesho yake atazirudisha mara mbili. Jumapili tulirudi nyumbani bila hata ya petroli ya kutosha. (Nakumbuka tulisimama Barstow saa nyingi, tukaambiwa tunamsubiri rafiki wa Baba.) Mama aliuza bangili zake za dhahabu alizopewa na bibi siku ya harusi, zilizobaki akakopa kwa mfanyakazi mwenzake. Akamkabidhi mwenye zamu fedha zake zote, siku nne tu baada ya tarehe. Akasema benki imechelewesha. Hakuna aliyejua. Deni lile alilifanyia kazi za usiku miezi kumi na minne, akiwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho.

Baba aliacha. Hilo nalishuhudia: tangu 1996 sijasikia amegusa kamari tena, na mpaka leo hapitwi na swala ya alfajiri msikitini. Mama aliniambia, "Ametubu, na mimi nimemsitiri. Nawe usiwavunjie ndugu zako baba yao." Nikamwahidi.

Baadaye nilikwenda na Mama mwenyewe, mwaka 2016. Yeye ndiye aliyeniomba. Alisema, "Nataka niuone ule mji siku moja bila kumtafuta mtu." Tulikaa mbele ya chemchemi za hoteli ya Bellagio tangu jua linazama. Maji yalipopanda kwa muziki alishtuka akanishika goti, kisha akacheka, kisha hakutaka tuondoke. Kila nilipouliza kama amechoka alijibu, "Tungoje moja tena." Miaka yote ile ya mwanzo hakuwa ameona chochote zaidi ya mazulia na migongo ya watu. Alifariki 2021. Mungu amrehemu.

Sasa nije kwenye yaliyonifanya nishike kalamu. Mdogo wangu anaishi Phoenix, jimbo la Arizona, ana mke na watoto wawili. Arizona iliruhusu kubeti michezo kwa simu Septemba 2021, miezi michache baada ya kumzika Mama. Alianza na mpira wa kikapu, kidogokidogo. Leo anabeti mechi za Ulaya saa kumi na mbili asubuhi kabla hajapiga mswaki. Mwaka huu amenikopa mara mbili, jumla dola 3,000, kila mara akisema ni kodi ya nyumba. Mwezi uliopita wifi alinipigia akilia: kodi haijalipwa, na akiba ya watoto haipo. Nilimpa mdogo wangu anwani ya mkutano wa Gamblers Anonymous, watu wanaosaidiana kuacha kamari, wale walioanzia Los Angeles mwaka 1957, nao wana mikutano karibu na kwake. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, unakuza mambo. Baba alikuwa anacheza tulipokuwa wadogo, akajiburudisha, akaacha alipotaka. Mimi ni mtoto wake."

Nilinyamaza, Shangazi. Nilikuwa na jibu mdomoni nikalimeza kwa sababu ya ahadi yangu. Kumbe anajua kwamba Baba alicheza, asichokijua ni bei yake. Hajui bangili zilikwenda wapi.

Juu ya hayo, Baba ametimiza miaka 72 na anaomba jambo moja, twende wote Las Vegas na wajukuu mwezi wa Desemba, shule zikifungwa. Anasema mji wake unatoweka. Mirage ilifungwa Julai 2024, na ile volkano haipo tena. Tropicana, iliyokuwepo tangu 1957, iliangushwa kwa baruti Oktoba mwaka huohuo. Baba aliangalia video yake kwenye simu mara nyingi. "Wajukuu waione Luxor kabla nayo haijavunjwa," anasema. Mdogo wangu ameshachagua hoteli na amewaambia watoto wake kuhusu robo dola ya mwanga. Dada yetu wa mwisho, ambaye hakuwahi kwenda, anahesabu siku. Mimi peke yangu ndiye sijajibu.

Nikikataa, wataniuliza sababu, na sababu yangu haina jina. Nikikubali, nitampeleka mdogo wangu mahali ambapo lazima upite kwenye mashine ndipo ufike kwenye lifti, na nitakuwa nimeshika mikono ya wanangu, nikipepesa macho kumtafuta kama Mama. Sidhani nitaliweza hilo. Nikimweleza ukweli, nitakuwa nimevunja neno nililompa marehemu, na nimemfukua mzee aliyetubu karibu miaka thelathini iliyopita. Dini yetu inatufundisha kusitiri aibu za watu, hasa mzazi. Lakini najiuliza, Mama angemwona mwanawe leo, angenifunga mdomo vilevile? Yeye alitaka tusimpoteze baba. Hakujua kwamba huo ukimya ndio mwanawe atakaouegemea.

Nimefikiria kumwendea Baba kwanza, nimwambie najua habari ya kopo, nimwombe yeye mwenyewe akae na mwanawe. Mara mbili nimeendesha gari hadi nyumbani kwake. Mara zote mbili amenikaribisha chai, akanionyesha picha za safari zile, mimi na mdogo wangu mbele ya meli, na nikarudi kwangu sijasema. Naogopa moyo wake, ana presha. Naogopa pia kwamba atadhani Mama alimsema vibaya, na haikuwa hivyo. Mama hakuwahi kumsema.

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi, na wasomaji wenye uzoefu pia. Ahadi kwa marehemu inafunga hadi wapi pale anayeumia ni mtoto wake? Nianze na Baba, au nimwendee mdogo wangu moja kwa moja? Wifi je, ana haki ya kujua, kwa kuwa nyumba inayobomoka ni yake? Na zile dola 3,000 sizidai, lakini akinikopa mara ya tatu nimjibu nini, wakati najua kuna watoto wawili ndani ya nyumba ile?

Mdogo wangu anataka jibu la safari Jumapili ijayo, kabla ya kulipia vyumba. Nitaisubiri barua yako mpaka siku hiyo.

Ni mimi mwanao,
Mtoto wa Kwanza, California