Barua ya wazi kwa Rais wa chuo chetu: hao watatu waleteni na jioni

Mheshimiwa Rais wa Chuo,

Shikamoo Mama. Naandika kwa Kiswahili sababu nataka wenzangu tunaosoma jioni waielewe wote, nakala ya Kiingereza binti yangu amenisaidia kuiandika na nimeiacha ofisini kwako Ijumaa kwa yule dada wa mapokezi. Kama kuna mahali nimekosea utaratibu nisamehe, kwetu mkubwa anaandikiwa kwa heshima lakini ukweli anaambiwa.

Ni kuhusu ile imeili ya kututambulisha wale watatu walioingia fainali ya kiti cha makamu wa rais wa taaluma. Niliisoma saa 8 usiku nikiwa breki kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikairudia mara mbili alafu nikaitupia kwenye grupu letu la WhatsApp la darasa, na karibu kila mtu akauliza kitu kimoja: huyu makamu wa taaluma ni nani na sisi anatuhusu nini?

Kwa hiyo Mama nivumilie kidogo niongee na wenzangu kwanza. Jamani, huyu ndo mtu wa pili chuoni. Rais anahangaika na bodi, na bajeti, na watu wa serikali ya jimbo, huyu yeye ndo mwenye masomo. Kozi gani ifundishwe na saa ngapi, mwalimu yupi aajiriwe, darasa lenye watu 8 lifungwe au liachwe, kozi ipi ihesabiwe kwenye digrii na ipi isihesabiwe, makubaliano gani chuo kiandikishane na yunivasiti ili siku ukihamia masomo yako yapokelewe, hayo yote yanapita mezani kwake. Ule mtihani wa kompyuta uliofanya siku ya kwanza ukaambiwa wewe ni levo ya 2 ya Kiingereza, kuna mtu alikaa akaamua kwamba mtihani ndo huo na levo ndo hizo. Ni ofisi hii. Inatuhusu kuliko ofisi nyingine yoyote pale, labda ukitoa ile ya msaada wa ada.

Narudi kwako Mama.

Imeili ilikuja na picha tatu na wasifu wa kila mmoja, aya mbili mbili. Digrii ya udaktari kachukua wapi, idara gani kaongoza na kwa miaka mingapi, kamati gani kakaa. Wote wamesoma sana na nawapa hongera ya kweli, mimi mwenyewe nimekuwa mwalimu najua kusoma ni jasho. Alafu chini ikaja ratiba: kila mmoja na siku yake, anaongea mbele ya watu saa 4 asubuhi, anakutana na wafanyakazi saa 8 mchana, na fomu ya maoni ya mtandaoni inafungwa siku mbili baada ya wa mwisho kuondoka.

Saa 4 asubuhi mimi nimelala. Natoka shifti saa 1, napeleka watoto shule, nalala. Dada ninayekaa naye darasani saa hiyo yuko kiwandani kwenye mstari wa nyama, kisu mkononi, simu imefungiwa kwenye loka. Saa 8 mchana ni hivyo hivyo, bado yuko mstarini. Sisi chuo tunakijua taa zikiwa zimewashwa, maktaba wanakaribia kufunga, mkahawa umeshafungwa na paking nusu iko tupu. Hatujawahi kumuona mkuu wa idara kwa macho, na sisemi kwa kulaumu, nasema tu kwamba yeye anaondoka saa 11 na sisi tunaingia saa 12.

Semista iliyopita mwalimu wetu alitupa insha ya historia ya vyuo vya jamii kama hiki chetu, ndo nikajua mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria. Kwamba cha kwanza cha umma kilianzia Joliet kule Illinois mwaka 1901, kwamba tume aliyoiunda Rais Truman wa Marekani ilitoa ripoti 1947 ikataka vyuo vya namna hii vienee nchi nzima karibu na watu wanapoishi na kufanya kazi, na hapa kwetu Iowa sheria ikapita 1965, mpaka leo viko 15 na kila kimoja kina bodi inayochaguliwa na wananchi kwa kura. Niliposoma hiyo ya bodi kuchaguliwa kwa kura nilisimama nikafikiria sana. Mimi nimekulia vitani, ni Mubembe wa Fizi kule Kongo, na nimeishi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Kambini hatukuwa na kitu, lakini ikifika kuchagua kiongozi wa zoni au wa kijiji, anayetaka uongozi alikuwa anatufuata mpaka bombani kwenye foleni ya maji, kina mama na ndoo zao, anasimama pale anaulizwa. Unga umepungua utasema nini kwa wakubwa? Choo cha shule kimejaa utafanya nini? Hakuna aliyetuambia tuache ndoo twende ofisini tukamsikilize. Alitufuata tulipo.

Ndo ombi langu, ila kabla ya kulimalizia nataka ujue tungewauliza nini, usije ukadhani tunataka tu kupiga picha nao.

Mimi nilifika na diploma ya taifa ya Kongo, ile ya kumaliza sekondari, na nilishafundisha darasa la tano miaka 6 kambini, kwa Kifaransa, sababu shule za Wakongo pale zinafuata mtaala wa Kongo. Nikafanya ule mtihani wa kompyuta dakika arobaini na kitu, panya ya kompyuta yenyewe siku hiyo ndo naishika mara ya tatu maishani, nikapewa levo ya 2. Haya, nikaanza. Levo ni semista nzima, ukifeli unarudia, na mimi nimerudia moja sababu mtoto aliumwa nikakosa mwezi. Zile kozi zinalipiwa kama kozi nyingine, lakini kwenye digrii ya unesi ninayoitafuta hazihesabiki hata moja. Na msaada wa Pell wa serikali kuu una mwisho wake, ni sawa na semista 12 za kusoma full-time kwa maisha yako yote, basi, na kila semista ya Kiingereza iliyolipiwa kwa Pell inakula humo humo. Nina mwenzangu alianza na mimi, fundi mzuri wa kuchomelea kule Bukavu, mtu wa akili kabisa, ameacha akiwa levo ya 3. Hakushindwa Kiingereza, alishindwa kuelewa anaelekea wapi na lini atafika, kila akiuliza anajibiwa maliza kwanza Kiingereza. Sasa anafungasha maboksi usiku.

Swali la kwanza kwa hao watatu liko hapo. Kuna chuo cha jamii cha Baltimore County, kule Maryland, tangu 2007 wanafanya hivi: mtu ambaye mtihani umesema Kiingereza chake cha kuandika bado, wanamuingiza moja kwa moja kwenye Kiingereza cha chuo chenye krediti, yaani zile alama za kozi zinazohesabiwa kwenye digrii, pamoja na wengine, alafu anakaa na mwalimu yule yule kwenye darasa dogo la ziada wanarekebisha pale anapokwama. Na imeonekana wanaofaulu ni wengi kuliko wale waliokuwa wanawekwa pembeni kwanza, mpaka vyuo vingi vya majimbo mengine vikaiga. Najua ule mpango haukutengenezwa kwa anayejifunza lugha kutoka sifuri, sidanganyi, mtu wa levo ya 1 ukimtupa huko atazama. Lakini wa levo ya 3 na ya 4? Je huyo makamu mpya yuko tayari kujaribu na sisi? Kama hayuko tayari atueleze kwa nini, sisi ni watu wazima tutamsikia.

Na kuna ule mpango wa vyuo vya jiji la New York unaoitwa ASAP, nao ulianza 2007. Wanakupa mshauri wako mwenye wanafunzi wachache anayekujua kwa jina, wanajazia ada pale msaada unapoishia, hela ya vitabu, kadi ya treni na basi kila mwezi, na wewe unakubali kusoma full-time na kuonana na mshauri wako. Watafiti walichagua kwa bahati nasibu nani aingie na nani asiingie, ili wasije wakasingiziwa kwamba wamechagua wenye akili, na baada ya miaka mitatu waliomaliza digrii ya miaka miwili ilikuwa asilimia 40 kwa walioingia na 22 kwa ambao hawakuingia. Watu watasema ah ile ni New York ina hela, lakini Ohio wakafanya kwenye vyuo vitatu, hapo Ohio tu, wakapata 35 kwa 19. Ningependa nimsikie kila mmoja wao watatu akiongea juu ya mpango huo. Sisi wengi hatuwezi full-time, hilo nakubali, shifti haziachiki. Lakini mshauri anayekujua kwa jina hahitaji full-time. Mimi mpaka sasa nimebadilishiwa washauri mara tano na kila mmoja naanza kumuelezea upya Nyarugusu iko wapi.

La kuhamia yunivasiti naligusa tu. Wakaguzi wa serikali kuu, wale wa GAO, walisema kwenye ripoti ya 2017 kwamba anayehama chuo anapoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zake. Karibu nusu Mama! Binti wa jirani yangu yamemkuta, masomo aliyoyalipia na kuyafaulu akaambiwa ayarudie, baba yake alilia mbele yangu na yule mzee si mtu wa kulia hovyo. Tunataka makamu ambaye hilo linamkosesha usingizi.

Na walimu. Walimu wetu wa jioni karibu wote ni wa muda, wanalipwa kwa kozi, na nasikia vyuo vya jamii nchi nzima ni hivyo hivyo, karibu theluthi mbili ya walimu. Mwalimu wangu wa sasa ni mwalimu haswa, anafundisha kama anayefundisha watoto wake, lakini hana ofisi, maswali yetu anayajibia paking kwenye baridi huku injini inanguruma sababu anawahi kampasi nyingine. Huyo kamati inayomtafuta makamu ilimuuliza anamtaka makamu wa namna gani?

Hapo ndo niseme kitu kuhusu yule mama wa pili kwenye imeili. Kwenye wasifu wake kuna sentensi moja, imewekwa katikati kama kitu kidogo, kwamba alianza kama mwalimu wa muda wa hesabu akifundisha usiku. Niliisoma nikahisi huyu anaweza kutuelewa. Yule wa kwanza wameandika ameongoza mageuzi makubwa alikotoka ila hawakuandika mageuzi ya nini na nani alinufaika, labda ni makubwa kweli, nataka tu ayataje. Wa tatu ni wa hapa hapa kwetu, anakijua chuo, watu wa mchana wanampenda nimesikia, lakini sisi hatumjui. Simchagulii mtu, sijasikia hata mmoja akifungua mdomo. Yaani mpaka sasa ninachokijua juu ya hao watu ni picha na vyeo, na ndani ya wiki mbili mmoja wao atakuwa ameshika miaka yangu iliyobaki ya kusoma mkononi mwake.

Kwa hiyo naomba hivi. Kila mmoja akija, siku yake hiyo hiyo, abaki mpaka jioni apite madarasa ya usiku, nusu saa tu. Kama mmoja tarehe zake haziwezekani basi aongee nasi kwa Zoom kuanzia saa 12:30 jioni, lakini saa hiyo, sio video ya kurekodi ya asubuhi, sababu video haiulizwi swali. Fomu ya maoni iongezewe wiki moja na iwe na Kiswahili, Kihispania na Kiarabu, sisi wenyewe tutasaidia kutafsiri bila kulipwa, kina Amina wameshakubali upande wa Kiarabu. Na kwenye kile kikao cha mwisho kamati ikikaa, awepo mwanafunzi mmoja wa jioni. Kamati ina wanafunzi wawili nimeona majina, vijana wazuri, wote wa mchana.

Usije ukasema hatutakuja. Tulipoambiwa kuna siku ya kusaidiwa kujaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa ada, usiku tulijaa mpaka tukakaa chini.

Mwalimu wetu nimeshamuomba, amekubali kutoa nusu saa ya mwanzo ya darasa Jumanne au Alhamisi, na madarasa mawili ya jirani nayo yako tayari kuja kwetu, viti tutabeba wenyewe. Namba ya chumba nimeiandika nyuma ya ile nakala ya Kiingereza. Wa kwanza anakuja Jumanne ijayo, kwa hiyo ukinijibu kabla ya Jumatatu nitawahi kuwaambia wa kiwandani wabadilishane shifti.

Ni mimi mwanafunzi wako,
mama wa watoto wanne, levo ya 4, darasa la jioni